Mhamiaji na Mji Wake Mpya

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura)

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.



Nimeamriwa na wakubwa wa chama niseme maneno machache juu ya mtu aliyehama kwao akaja kukaa katika nchi ya watu. Jambo hili latuhusu sote, kwani wengi wa watu wa Buyenzi, kama si wao wenyewe, basi baba zao au babu zao walitoka mahali pengine. Nami ni mmoja wao. Nilivuka mpaka kutoka Ujiji katika mwaka wa 2006, pamoja na mke wangu na watoto wawili, nikaja kusomesha chuoni.

Nawaambieni kosa langu ili lisiwe lenu. Tulikuja na masanduku mawili. Moja tulilifungua, la pili nililiacha limefungwa kamba uvunguni mwa kitanda, nikasema, "Tutarudi karibuni." Kwa neno hilo nilikataa kuziba paa lililovuja, nikakataa kupanda hata mpapai, nikakataa kujifunza Kirundi. Ya nini, nami ni mpita njia? Miaka mitatu ikapita, na mpapai ungalikwisha kuzaa.

Jirani yetu alikuwa mama mzee aliyetoka milimani kuja kukaa na mwanawe. Hakujua Kiswahili, wala hakuwa Mwislamu. Usiku mmoja mke wangu alishikwa na uchungu wa kuzaa, nami sipo, nimekwenda matangani upande wa pili wa mji. Mama yule alisikia sauti, akaja, akampeleka hospitali, akakaa naye mpaka alfajiri. Nilipofika nilimkuta amempakata mwanangu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, lakini nililijua neno moja tu la shukrani, "urakoze", ambalo mtu humwambia hata muuza makaa. Nikalisema mara tatu, nikanyamaza.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza lugha. Walakini kabla sijafika mbali, mama yule alirudi kwao, akafia huko. Taazia nilimpa mwanawe, naye alinijibu kwa Kiswahili. Mama mwenyewe hakupata kusikia niliyotaka kumwambia. Deni hilo ninalo hata leo.

Sasa tuwatazame waliotutangulia. Katika mwaka wa 622, Mtume (S.A.W.) na masahaba wake waliihama Makka wakaenda Madina. Msidhani ya kuwa mambo yalikuwa mepesi kwao. Hali ya nchi iliwapiga, na Sayyidna Abubakari na Bilali wakashikwa na homa. Bilali, kila homa ilipompungua, alililia bonde la Makka, na majani yake, na maji yake. Naye Makka ndiko alikoteswa juu ya mchanga wa moto! Basi ndivyo ulivyo moyo wa mwanadamu. Mtume (S.A.W.) hakumkemea. Alimwomba Mungu awapendezeshe Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, aiondoe homa yake, na aibariki pishi yake na kibaba chake.

Kwa hiyo anayesema "mwacha asili ni mtumwa" asitutishe. Kukikumbuka kwenu si kosa, na kumpelekea mzazi wako chochote ni wajibu. Kosa ni kukaa katika mji miaka mingi bila ya kuutakia baraka pishi yake na kibaba chake, hali wala kwa hivyo hivyo.

Na tazameni adabu ya pande mbili. Mtume (S.A.W.) alimfanya Saad bin Rabii, mwenyeji wa Madina, kuwa ndugu wa Abdurrahmani bin Aufi aliyehamia. Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahmani akamwombea baraka katika mali yake, akataka aonyeshwe soko tu. Akaenda akauza jibini na samli, na haukupita muda mrefu akaoa kwa mali yake mwenyewe. Wazee wetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini kwanza zile siku mbili zipatikane! Mwenyeji asiyekaribisha hana haki ya kutoa jembe, na mgeni akataaye jembe hana haki ya kulalamika.

Tangu mwaka wa 2007 Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Karatasi za mpakani hukupitisha mpakani. Nyumbani kwa jirani utaingia kwa salamu. Nawe ukimwambia "amahoro", umemtakia amani, na hiyo ndiyo maana ya salaam yetu.

Basi wewe uliyefika juzi, nenda kwa mkuu wa mtaa akujue, jifunze maneno kumi ya lugha kila juma, na ukisikia msiba usiulize dini ya maiti kabla ya kwenda kupa mkono. Nanyi wenyeji, akija mtu na masanduku yake, msingoje usiku wa shida ndipo mjue jina lake.

Namaliza kwa jambo moja. Katika mwaka wa 630 Makka ilifunguliwa, na Mtume (S.A.W.) akawa na uwezo wa kukaa katika mji aliozaliwa. Watu wa Madina waliogopa ya kuwa atawaacha. Hakuwaacha. Alirudi Madina, akaishi nao, akafa kwao, na kaburi lake liko huko.

Sanduku langu nimekwisha kulifungua. Nguo zilizokuwamo zilikuwa zimeliwa na nondo.

Mwenyezi Mungu aubariki mji huu na watu wake wote, na amlipe mama yule wema wake kwa watoto wake. Amin.