Ripoti ya Ukaguzi na Nafasi ya Mwanafunzi

Shule ya Moshi au ya miteremko ya Kibosho na Marangu inapopata matokeo hafifu katika uthibiti ubora, yaani ukaguzi ambao msingi wake ni Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 na ambao hupima ufundishaji, uongozi, mazingira ya shule na ushiriki wa jamii, mwanafunzi huumia kwanza, kwa kuwa sifa mbaya ya shule humfuata mtaani kana kwamba ndiye aliyefeli.

Hata hivyo, yeye ndiye shahidi wa karibu: anajua kwamba jaribio la kemia hufanywa na mwalimu mezani huku darasa likitazama, na kwamba masika yakishika kasi, wanaoteremka kwa miguu kutoka vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa, hufika kipindi cha kwanza kimekwisha.

Kwa hiyo, bodi ya shule haina budi kuwaita viongozi wa serikali ya wanafunzi, kuwafafanulia mapendekezo ya ripoti na kueleza nani atatekeleza lipi na lini. Vinginevyo, wathibiti ubora watakaporudi watayakuta yale yale.