UKURASA WA LIGI UWE SHAHIDI WA WOTE

Tuseme leo juu ya kuweka ligi ya kijiji kwenye simu. Vijana wanaojua kompyuta tunao. Lakini sisi wenye ligi ndio tunaojua nini kionekane.

Ugomvi wa ligi mara nyingi huanzia kwenye daftari. Katibu ameandika 2-1, meneja anasema ilikuwa 2-2, na daftari liko nyumbani kwa katibu. Timu 8 zikicheza nyumbani na ugenini, hizo ni mechi 56. Nani atazikumbuka zote?

Programu ya ligi ina sehemu mbili. Iko ghala iliyofichika inayotunza hesabu, na uko uso, yaani ukurasa ule watu wanaoufungua. Huo uso ndio tunaousemea.

La kwanza, mtu akifungua aone mara moja mambo matatu: mechi ijayo ni wapi na saa ngapi, matokeo, na msimamo.

La pili, ukurasa uwe mwepesi. Picha kubwa hula bando. Jedwali la safu kumi halienei kwenye simu ndogo. Safu nne zatosha: timu, mechi, tofauti ya mabao, pointi. Mengine yafunguke mtu akigusa jina la timu. Fundi aweza kuufanya ukurasa ubaki ndani ya simu, ufunguke hata mtandao ukipotea, na uonyeshe habari hizo ni za tarehe gani. Wenye kabambe watumiwe ujumbe mfupi.

La tatu, kila pointi ionyeshe ilikotoka. Kule Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana MYSA, kilichoanza 1987, kilizipa timu pointi za kusafisha mtaa, mbali na zile za kushinda mechi. Nanyi mkitaka upandaji miti uhesabiwe, uwe na safu yake wazi, ama watu watasema mmeiba. Mameneja wote wawili wakubali matokeo kabla hayajaingia kwenye msimamo. Yakibadilishwa baadaye, ionekane nani kabadilisha na lini.

La nne, tuwalinde watoto. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi. Tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu ya mtoto zisionekane kwa kila mtu.

Basi, kabla fundi hajalipwa hata shilingi, achore ukurasa kwenye karatasi. Mpeni mama anayeuza mandazi uwanjani, mwulizeni: "Mechi ya Jumamosi iko wapi?" Akijibu bila kusaidiwa, kazi ianze. Akishindwa, mchoro ndio urekebishwe, si mama. Ligi ni ya wote, basi na wote waweze kuisoma.