Saratani ya Kinywa na Umbali wa Mnyonge na Tabibu



Mkulima akipata kidonda mguuni huenda zahanati. Kidonda hicho kikitokea chini ya ulimi, husukutua maji ya chumvi na kusubiri, na pengine husubiri mpaka kumeza chakula kumekuwa taabu. Huo si uzembe wake peke yake. Ni matokeo ya mazoea ya miaka mingi, ambayo yamekitenga kinywa na mwili na kuifanya huduma ya meno ionekane kuwa jambo la mjini na la mwenye fedha.

Saratani ya kinywa ni maradhi yanayoua. Ilikadiriwa kwamba mwaka 2020 watu wapatao 377,000 duniani waliugua saratani ya midomo na kinywa, na zaidi ya 177,000 walikufa. Visababishi vyake vikuu vinajulikana: tumbaku ya kuvuta na ya kutafuna, pombe, na popoo inayoliwa katika tambuu. Mtu anayetumia tumbaku na pombe pamoja hujiongezea hatari maradufu.

Hata hivyo, hatari hiyo haikugawanywa sawasawa. Uchambuzi wa tafiti 41 uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watu wenye kipato kidogo, elimu ndogo na kazi za ujira mdogo hupatwa zaidi na saratani hii kuliko wenzao, katika nchi tajiri na katika nchi maskini. Katika bonde la Lwengera, kibarua wa mkonge au mkulima mwenye kazi ngumu na pato dogo huuona ugoro kuwa burudani ya bei nafuu. Kumlaumu yeye na kunyamaza juu ya hali yake ni kusema nusu ya ukweli.

Nusu ya pili ni umbali. Zahanati nyingi za vijijini hazina tabibu wa meno. Mgonjwa wa Magoma huelekezwa Magunga, Korogwe. Kutoka huko pengine Bombo, Tanga. Na akihitaji mionzi, safari yake inaweza kuishia Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo kutoka Korogwe ni karibu kilometa 300. Hata pale ambapo matibabu yenyewe hayana malipo, nauli, chakula na malazi vina bei. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanzishwa katika hospitali za umma mwaka 1993, mwenye mfuko mwepesi amejifunza kuchelewa. Aidha, anayefika huwa ameshikwa na maumivu, na huduma anayoitaraji ni kung'olewa jino. Lakini jino linalolegea bila sababu laweza kuwa dalili ya uvimbe, na kuling'oa hakuondoi uvimbe huo.

Wapo watakaosema kwamba Taifa lina maradhi mengine makubwa zaidi, na kwamba mitambo ni ghali. Hoja hiyo ina jibu. Katika jimbo la Kerala, India, kuanzia mwaka 1996, wahudumu waliopewa mafunzo walikagua vinywa vya wananchi kwa macho na mwanga tu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa theluthi moja.

Tanzania nayo ina uzoefu wake. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na walimu walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Vyoo vilichimbwa kwa sababu elimu iliambatana na vitendo.

Hapana budi moyo huo uelekezwe kwenye kinywa. Mwalimu afundishe kwamba kidonda, baka jeupe au jekundu, au uvimbe usiopona kwa wiki mbili hupelekwa kwa mganga. Mganga wa zahanati amtazame kinywani kila mtumiaji wa tumbaku, hata akiwa amekuja kwa homa, na ampe barua ya rufaa mapema. Halmashauri nayo ipange ziara za matabibu wa meno vijijini, na iweke katika bajeti nauli ya mgonjwa asiyejiweza.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Ni hatua kubwa. Lakini kadi ya bima haitamfaa mwananchi ambaye hakuna aliyemwambia afungue kinywa. Usawa katika afya hupimwa kwa swali moja: je, kidonda cha mkulima wa Magoma hugunduliwa mapema kama kile cha mkubwa wa mjini? Mpaka jibu liwe ndiyo, kazi ya watumishi wa umma haijakwisha.