Tumbo Linapogoma Kusikia Dawa

Mtu akihara damu, msimnunulie vidonge dukani. Mpelekeni hospitali, na inapowezekana, choo kichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Maabara huotesha bakteria kwenye kisahani, kisha huweka viduara vya karatasi vyenye antibiotiki. Dawa inayoua bakteria huacha duara tupu kuzunguka karatasi yake. Bakteria sugu humea hadi ukingoni mwa karatasi. Majibu ya wagonjwa wengi yakikusanywa, madaktari hujua dawa ipi bado inatibu. Ni kazi muhimu mno: mwaka 2019 usugu wa bakteria kwa antibiotiki ulikadiriwa kuua watu milioni 1.27 duniani. Mtoto anayehara maji matupu mpeni ORS na zinki. Wazazi wetu, tafadhali, msimpe antibiotiki zilizobaki nyumbani.