Uaminifu Wakati wa Dhiki na Wakati wa Shibe
(Hotuba iliyotolewa katika Ibada ya Shukrani ya Jubilei ya Miaka 100)



Katika sikukuu kama hii ni desturi kusimulia dhiki ambazo Kanisa limezivuka. Ni vema. Lakini hatuna budi kuuliza pia: je, katika miaka ya neema tulimshikaje Mungu?

Miaka ya dhiki tunaijua. Wamisionari wa Leipzig, waliofika Machame mwaka 1893, waliondolewa nchini na serikali ya Kiingereza mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Huku kwetu kaskazini hapakuwa bado na Mwafrika aliyebarikiwa kuwa mchungaji. Wa kwanza walibarikiwa mwaka 1934. Waliolibeba Kanisa walikuwa walimu na wazee. Walifundisha watoto, wakazika wafu, wakawakusanya watu siku ya Bwana. Usharika wetu ni tunda la miaka hiyo ya upungufu.

Kisha kahawa ikatuinua. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Bei ilipopanda katika miaka ya 1950, na tena mwaka 1976 na 1977 baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil, fedha ziliingia vihambani. Mabati yakaezekwa, watoto wakapelekwa shule. Hiyo ilikuwa baraka ya Mungu, wala tusiione haya.

Lakini wazee wa kanisa wanajua ya kuwa shibe nayo ina majaribu yake. Mwenye njaa huomba bila kukumbushwa. Aliyeshiba husahau hata kushukuru. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya mgao wa kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Aliyeuegemea mbuni alianguka nao. Aliyemwegemea Bwana alisimama, ijapokuwa mfukoni hamkuwa na kitu.

Maandiko yalikwisha kutuonya. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 8, Musa anawaonya Israeli, ambao jangwa walikuwa wakiliacha nyuma, juu ya nyumba nzuri na mifugo itakayoongezeka, wasije wakadhani ya kuwa nguvu zao ndizo zilizowapatia. Daudi naye, alipokuwa akimkimbia Sauli mapangoni, alimcha Mungu hata akakataa kumwua adui yake. Alianguka alipokuwa mfalme, akistarehe juu ya dari ya jumba lake, wakati jeshi lake lilipokuwa vitani.

Basi, tufanyeje? Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anatufundisha ya kuwa Mungu huwapa mkate hata waovu wasiomwomba. Twaomba mkate wa kila siku ili tumtambue Mpaji na kuupokea kwa shukrani. Somo hili tulilifundishwa sote kabla ya kipaimara, lakini ni la kuishi nalo hata uzeeni.

Kwa hiyo nawasihi, wapendwa. Mwaka wa mavuno mengi usiwe mwaka wa sadaka ndogo. Mtoto akipata kazi nzuri mjini, sala ya nyumbani isikome. Mjane aliyeleta yai moja kwenye sadaka ya mavuno wakati wa ukame asiwe mwalimu wetu siku ya jubilei peke yake. Na dhiki itakaporudi, nayo itarudi, itukute tumezoea kumwita Bwana. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wafilipi ya kuwa amejifunza kushiba na kuona njaa pia. Angalieni: hata kushiba alijifunza.

Waliotutangulia walikuwa waaminifu katika upungufu. Sisi tulioachiwa kanisa la mawe, shule na amani, tumeachiwa mtihani ulio mgumu zaidi. Bwana atujalie kuushinda, ili watakaohesabu miaka mia ijayo wapate sababu ya kushukuru.

Amina.