Vidonge vya Vitamini na vya Kalsiamu: Faida Yake na Madhara Yake
(Hotuba iliyosomwa mjini Jinja katika mkutano wa mwaka, mbele ya wanajumuiya wa Jinja na wageni wao wa Mbale)



Nilipoulizwa na Katibu nitasema juu ya jambo gani, nilimjibu kwamba nitasema juu ya chupa. Akastaajabu, akadhani nataka kuingilia kazi ya masheikh. La, chupa nizitajazo mimi ni zile za vidonge vya vitamini na kalsiamu, ambazo siku hizi hazikosekani juu ya makabati yetu, nyingine zimenunuliwa madukani, nyingine zimeletwa na watoto wetu wafanyao kazi Arabuni, na nyingine zimeuzwa ndani ya basi na kijana mwenye sauti kubwa.

Mwaka jana bibi mmoja wa mtaani kwetu alinijia na mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na chupa saba. Nikamwuliza, "Mama, vyote hivi wavinywa wewe?" Akajibu, "Navinywa, mwanangu. Hiki asubuhi, hiki mchana, hiki usiku. Magoti yananiuma." Nikazisoma chupa zile moja moja. Tatu zilikuwa na dawa ile ile ya kalsiamu, ila majina na rangi za karatasi zilitofautiana. Nikamwuliza fedha azitoa wapi. Akasema anao ng'ombe mmoja wa maziwa, na maziwa yote huyauza asubuhi, hata kikombe kimoja hakibaki nyumbani, ili apate fedha ya kununulia vidonge.

Ndugu zangu, kikombe kimoja cha maziwa kina miligramu 300 hivi za kalsiamu, na mtu mzima ahitaji kiasi cha miligramu 1,000 kwa siku. Bibi yule alikuwa akiuza kalsiamu ili anunue kalsiamu. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni wangapi miongoni mwetu wafanyao biashara hiyo.

Sikuja hapa kuvitukana vidonge. Nimefanya kazi ya uganga miaka mingi, na nimeviona vikiokoa watu. Lakini kidonge cha vitamini ni mfano wa mtu anayelipa deni: kama deni lipo, malipo yake ni halali na yana manufaa, kama deni halipo, fedha imepotea, na pengine hasara imezidi hapo. Basi yatupasa kwanza kujua deni ni la nani.

Deni la kwanza ni la mama mjamzito. Huyu hana haja ya kungoja hoja zangu. Vidonge vya madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki apewavyo kliniki na avinywe kila siku, kwa kuwa damu yake yagawanywa kwa watu wawili. Nayo asidi ya foliki husaidia uti wa mgongo wa mtoto ufunge vema, na kazi hiyo hufanyika katika wiki nne za mwanzo, wakati mama mwenyewe hajajua kwamba ana mimba. Kwa hiyo mwanamke atarajiaye kuzaa hufanya vizuri kuianza mapema. Ila jambo moja lisisahauliwe: vidonge vya foliki vya miligramu 5 vipunguza nguvu ya Fansidar, dawa apewayo mjamzito kumkinga na malaria. Kiasi kimfaacho mjamzito ni sehemu ndogo sana ya hiyo, nayo ni mikrogramu 400. Mume aendaye dukani akanunua kile kikubwa kwa mapenzi yake, ati ndicho chenye nguvu, aweza kuuvunja ukuta uliojengwa na mkunga.

Na kalsiamu je? Hapa ziko habari njema, nazo zimetoka karibu. Inajulikana kwamba katika nchi ambazo watu hula kalsiamu kidogo, mama mjamzito apewapo vidonge vyake hupungukiwa na ile hatari ya shinikizo la damu liletalo kifafa cha mimba, ugonjwa ambao umewaua mama zetu wengi. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likishauri miligramu 1,500 hadi 2,000 kila siku, yaani vidonge vitatu au vinne vikubwa, mzigo mzito kwa tumbo na kwa mfuko. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya majaribio mawili, moja Dar es Salaam na moja Bangalore katika India, kila moja likiwa na wanawake 11,000. Nusu yao walipewa miligramu 1,500 na nusu miligramu 500 tu. Katika kuzuia ugonjwa ule, kile kidonge kimoja hakikushindwa na vile vitatu. Mambo haya yametendeka pwani yetu hii, kwa wanawake walao chakula kama chetu. Basi mwenye mimba na amwulize mkunga wake juu ya kalsiamu, wala asiogope kwamba kimoja hakitoshi.

Deni la pili ni la watoto wadogo. Serikali ya Uganda hutoa vitamini A mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Aprili na wa Oktoba, kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Matone hayo hulinda macho na huupa mwili nguvu ya kupigana na maradhi. Mpelekeni mtoto. Lakini kiasi kile kile kimfaacho mtoto mara moja katika miezi sita si cha kunywewa na mama yake mwenye mimba. Maana vitamini A ya dawa, ikizidi, yaweza kumharibu mtoto tumboni. Vitamini B na C zikizidi, nyingi hutoka kwa mkojo. Lakini A, D, E na K hukaa katika mafuta na ini, zikajilimbikiza. Ndiyo sababu nawaombeni wajawazito msinywe mafuta ya ini la samaki wala vidonge vya vitamini A mlivyoletewa zawadi, mpaka mwenye ujuzi avisome.

Sasa nifike penye kisa kilichonifanya niiandike hotuba hii. Kisiwani Pemba, ambako watoto wengi walikuwa na upungufu wa damu na malaria ilikuwa nyingi, wataalamu waliwaza kama tungaliwaza sisi sote: watoto hawana damu, madini ya chuma huleta damu, basi wapewe wote. Wakaandikwa watoto 24,076 wa tangu mwezi mmoja hadi miezi 35. Wengine wakapewa chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Mwezi wa Agosti 2003 sehemu ile ya chuma ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Watoto waliopewa chuma walikuwa wakilazwa hospitali kwa ugonjwa mzito, au kufa, zaidi ya wenzao kwa asilimia 12. Habari hizi zilichapishwa mwaka 2006, na dunia nzima ya waganga ilishtuka.

Msitoke hapa mkasema kwamba fulani ameharamisha chuma. Sikilizeni sehemu ya pili ya kisa, ambayo wengi huiacha. Kundi dogo la watoto wale lilipimwa damu na kufuatwa kwa karibu, na malaria yao ikatibiwa upesi. Katika hao, wale waliokuwa na upungufu wa chuma kwa hakika walifaidika. Kidonge kilikuwa kimoja, kisiwa kimoja. Tofauti ilikuwa katika kupima, na katika kutibu malaria. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani likaagiza kwamba penye malaria, chuma cha watoto kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Nasi hapa Busoga, Bukedi na Bugisu, nani atasema kwamba hana mbu?

Ndugu zetu wa Mbale wanacho kisa chao wenyewe. Katika hospitali yao kuu, na nyingine za Uganda na Malawi, watoto 3,983 waliolazwa kwa upungufu mkubwa wa damu waliingizwa katika jaribio ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2019. Wengine walipewa chuma na foliki kama kawaida, wengine mchanganyiko wa vitamini na madini mengi, kwa miezi mitatu. Ilitumainiwa kwamba mchanganyiko ule ungepunguza vifo baada ya kutoka hospitali. Haukupunguza. Mzazi aliyeuza mbuzi anunue chupa ya rangi kumi badala ya vidonge vya hospitali hakumwongezea mwanawe chochote.

Na mimi nina langu la kukiri mbele yenu. Katika ukoo wetu alikuwako mtoto wa ndugu yangu, mweupe wa viganja, mchovu, mara kwa mara akilia mifupa. Mimi, mganga wa ukoo, nilimpa dawa ya maji ya kuongeza damu, chupa baada ya chupa, karibu mwaka mzima. Kila chupa ilipokwisha niliambiwa, "Ameonekana nafuu kidogo," nami nikaleta nyingine. Siku alipopimwa, ilionekana ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu twauita sikoseli. Mtajua kwamba ugonjwa huu ni mwingi katika sehemu zetu hizi za mashariki. Mtoto wa namna ile hakosi damu kwa sababu ya kukosa chuma, bali kwa sababu chembe za damu yake huvunjika upesi. Yamfaa asidi ya foliki, kinga ya malaria na uangalizi, na ikiwa ameongezewa damu mara nyingi, chuma humjaa mwilini kikawa mzigo. Dawa yangu haikumtia sumu. Ilimchelewesha. Mwaka mzima tulikuwa tukingoja chupa ifanye kazi, na kwa kuwa chupa ilikuwako, hakuna aliyemchukua kumpima. Yu hai, Alhamdulillahi, naye yuko shuleni; lakini maumivu ya mwaka ule hayakuwa na lazima.

Niwarudie wazee wenzangu wenye magoti. Huko Marekani wanawake 36,282 waliokwisha kukoma hedhi walifuatwa kwa miaka saba hivi. Nusu walipewa kalsiamu miligramu 1,000 na vitamini D kila siku. Matokeo yalitoka mwaka 2006: mifupa yao ilikaza kidogo, lakini kuvunjika kwa nyonga hakukupungua kwa kiasi cha kuaminika, na mawe ya figo yaliongezeka kwa asilimia 17. Juu ya moyo madaktari hawajapatana; wako wasemao kwamba kalsiamu ya vidonge huuletea moyo madhara, na wako wakataao. Hakuna aliyelaumu maziwa. Mzee aliyepimwa akaonekana mifupa yake imelika, huyo na afuate aliyoandikiwa. Lakini maumivu ya magoti, mengi yake si njaa ya kalsiamu. Ni kuchakaa kwa kiungo, na chupa tatu hazikifanyi kipya.

Wale wenye haki ya kuvinywa na wajue namna ya kuvinywa. Kalsiamu na chuma havipatani tumboni. Vitenganishwe kwa saa kadhaa. Chai nayo huzuia chuma. Kalsiamu hali kadhalika huzishika baadhi ya dawa za kuua vijidudu, kama tetrasaiklini, zisifanye kazi. Katika Ramadhani, anywaye vyote viwili aweza kunywa kalsiamu pamoja na futari, na chuma baadaye kabla ya kulala. Ama kama mjamzito afunge au asifunge, hilo si langu. Tena ganda la kapsuli mara nyingi hufanywa kwa jelatini, nayo hutoka kwa ng'ombe au kwa nguruwe. Someni karatasi au mwulize mwuzaji. Vidonge vikavu na dawa za maji mara nyingi hazina shaka hiyo, na yako maganda yafanywayo kwa mimea.

Lakini kabla ya duka kuna jiko. Sisi wa Jinja twakaa juu ya ziwa lenye mukene, dagaa ambaye hutafunwa pamoja na mifupa yake, na mifupa hiyo ndiyo kalsiamu. Ajabu ni kwamba wengine humwona chakula cha kuku. Gramu 100 za wimbi zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300, na uji wake ukichachushwa kama walivyofanya bibi zetu, mwili huipata kwa wepesi zaidi. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vilivyosambazwa Kamuli na Bukedea tangu mwaka 2007, vina kiini cha vitamini A ambacho hakimdhuru mjamzito. Ama vitamini D, hiyo hutoka juani. Mama zetu wanaojisitiri na kukaa ndani mchana kutwa waweza kupungukiwa nayo hata hapa chini ya ikweta. Ua wa nyumba, penye faragha, watosha kukunja mikono ya nguo na kupigwa na jua kidogo wakati wa kuchambua mboga.

Tena jua peke yake halitoshi pasipo chakula. Nchini Nigeria, mahali penye jua tele, watoto wenye matege walitibiwa, na mwaka 1999 ikaandikwa kwamba waliopewa kalsiamu walipona zaidi ya waliopewa vitamini D peke yake. Deni lao lilikuwa la kalsiamu, nalo likalipwa.

Yule bibi wa chupa saba tulipatana hivi: chupa tatu za namna moja hatanunua tena, nyingine zitangoja apimwe, na kikombe kimoja cha maziwa kitabaki nyumbani kila asubuhi. Magoti bado yanamwuma, naye hunilaumu kwa hilo kila tukutanapo. Baada ya sala ya Alasiri nitaketi barazani hapa na miwani yangu. Aliye na chupa nyumbani na ailete tuisome pamoja, na aliye na mtoto mweupe wa viganja aje naye mwenyewe, asije na chupa yake.