Nani Apendekeze Sheria za Jimbo?

Msikilizaji, katika jimbo la California, Marekani, tangu 1911 raia pia anaweza kupendekeza sheria. Anatafuta saini zinazofikia asilimia 5 ya kura za ugavana, kisha wapiga kura wanaamua.

Kwa nini jambo hili ni muhimu? Mwaka 1978 wananchi walipunguza kodi ya majengo bila kulisubiri bunge. Huo ni upande mmoja.

Upande wa pili: nje ya maduka husimama wakusanyaji wanaolipwa kwa kila saini. Mwaka 2020, kampuni za usafiri wa mtandaoni zilitumia njia hiyo hiyo: zilimwaga zaidi ya dola milioni 200 kupigia debe pendekezo lao ili madereva wao wasihesabiwe kuwa waajiriwa.

Kwa maoni yangu, mlango huu usifungwe. Lakini je, mwananchi asiye na fedha ataupitaje?